Ziara ya Majitaka, Jumatano Saa Nne

Mtu wa kwanza kuungua mwaka ule alikuwa daktari wa meno kutoka Ubelgiji. Ilikuwa wiki ya kwanza ya Juni, theluji bado imeng'ang'ania mabondeni, naye alikuwa amevaa kandambili. Aliacha gari lake la kukodi barabarani, akaruka ukuta wa mawe wa shamba la Leirhólar, akapita katikati ya kondoo wenye wana wachanga, akaenda moja kwa moja kwenye tope linalochemka nyuma ya zizi. Ardhi ya pale ni nyeupe na ya manjano, inapendeza macho, lakini juu ni gamba tu, jembamba kama utando wa uji uliopoa. Chini yake ni moto. Mguu wa kulia ukazama hadi kwenye kifundo.

Steinvör alimsikia akiwa jikoni. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, yote ameiishi hapo hapo Leirhólar, na alikwisha jifunza kuyatofautisha mayowe ya wageni. Kuna yowe la mtu ambaye upepo umemng'olea mlango wa gari. Hilo hukatika katikati kwa mshangao. Kuna yowe la mtu aliyesimama chini ya bomba la maji ya moto akidhani ni la baridi. Na kuna hili.

"Washa trekta," alimwambia mdogo wake, Hallmar.

Hallmar alikuwa na miaka hamsini na minane, hakuoa, na maneno aliyoyasema kwa wiki nzima ungeweza kuyahesabu kwa vidole na vidole vikabaki. Akaenda akawasha trekta.

Walimleta yule daktari hadi uani, wakamtia mguu kwenye ndoo ya maji ya mto. Alipopata pumzi, neno lake la kwanza halikuwa ahsante.

"Kwa nini hakuna kibao?"

"Bwana, mvuke wote ule hukuuona?" Steinvör akamuuliza.

"Niliuona. Ndiyo nikaja kuuangalia."

Siku ya pili yake Steinvör alivaa koti lake la kwendea kanisani akashuka hadi ofisi za halmashauri, kijijini. Mkurugenzi wa halmashauri alikuwa Eydís, mwanamke wa miaka thelathini na minne ambaye utotoni alikuwa akiletwa Leirhólar kila kiangazi kusaidia kukusanya nyasi. Steinvör ndiye aliyemfundisha kupanda farasi na ndiye aliyemkanda mgongo alipoanguka. Baadaye Eydís alikwenda mji mkuu kusomea namna ya kuuza vitu visivyoshikika, kama vile mandhari na utulivu, akarudi na miwani mikubwa.

"Nataka uzio," Steinvör alisema hata kabla ya kukaa. "Mwaka wa sita huu naandika barua."

"Uzio unatisha wageni, Steinvör."

"Si ndiyo kazi yake?"

"Sikiliza. Mgeni akiona uzio anahisi hakaribishwi."

"Na akiungua mguu anahisi amekaribishwa?"

Eydís alivua miwani akaifuta, kama afanyavyo mtu anayetafuta jibu. "Fungu la uzio hatuna. Lakini tunayo Kamati ya Ukarimu na Tahadhari. Nitawaambia watengeneze kibao. Kibao kizuri, cha kitaalamu."

"Eydís mwanangu, kondoo wangu hawajui kusoma na hawaungui."

"Ndiyo maana hatuwatengenezei kibao," Eydís akajibu, na ikawa kikao kimekwisha.

Kamati ilikaa wiki tatu. Neno *hatari* lilipendekezwa mara mbili na kukataliwa mara mbili, kwa sababu lilionekana kali na mtu wa hoteli alisema linaondoa hamu ya kula. Mwisho kibao kikaletwa, kimesimama juu ya nguzo ya chuma, kimeandikwa kwa lugha nne: ARDHI CHANGAMFU. KANYAGA KWA HESHIMA. Chini ya maneno kulikuwa na mchoro wa mtu aliyeinua mikono yote miwili juu, mguu mmoja umezama mvukeni. Mchoraji, kwa kutaka kuwaridhisha wajumbe wote, alikuwa amemtia tabasamu.

Kabla ya kibao, wageni waliosimama Leirhólar walikuwa watano au sita kwa siku. Baada ya kibao wakawa arobaini. Walipanga foleni pembeni mwa tope, na kila mmoja, zamu yake ilipofika, alisimama kwa mguu mmoja, akainua mikono juu, akatabasamu, mwenzake akampiga picha. Mzee mmoja aliyeshindwa kusimama kwa mguu mmoja alishikiliwa na wajukuu zake wawili. Steinvör alikuwa akiwatazama dirishani huku ameshika tama.

"Wanacheza ngoma gani hawa?" aliuliza.

Hallmar akainua mabega.

Wiki ile waliungua wawili. Steinvör akaona sasa basi, kamati imeshindwa, kazi ataifanya mwenyewe. Akachukua ubao wa mlango wa zizi la zamani, akaupaka rangi nyeupe, na kwa rangi nyekundu iliyobakia ya kuwekea kondoo alama, akaandika: HAPA ALIKUFA MTU.

Ulikuwa uongo. Aliyekufa pale alikuwa kondoo jike aitwaye Flekka, miaka zaidi ya ishirini iliyopita. Lakini Steinvör alijipa moyo kwamba uongo wa kumwokoa mtu mguu hauwezi kuwa mzito sana kwenye mizani.

Siku mbili magari yalipungua. Siku ya tatu akaja mama mmoja kutoka Milano na shada la maua, akaliweka chini ya ubao, akapiga goti. Waliomfuata wakaona maua, nao wakaenda kutafuta ya kwao. Ikaja mishumaa. Kikaja kidubu cha kitambaa kimefungwa utepe. Yule mama alimwona Hallmar akipita na ndoo, akamfuata, machozi yakimtiririka.

"Marehemu alikuwa anaitwa nani, kaka yangu?"

Hallmar hakuwa amezoea kuulizwa maswali na wanawake wanaolia. Akababaika, akasema jina pekee lililomjia. "Flekka."

Jioni ile ubao ulikuwa umebandikwa vikaratasi kumi na moja. *Lala salama, Flekka. Flekka, ulikwenda mapema mno. Tutakukumbuka daima, binti wa milima.*

"Umemwambia jina la kondoo!" Steinvör alimfokea mdogo wake.

"Aliniuliza marehemu," Hallmar akajitetea, na kwa kweli hakuwa amesema uongo.

Ubao wa Flekka ukang'olewa, mishumaa ikapelekwa kanisani, mbwa akapewa kidubu. Steinvör akajaribu tena. Safari hii aliandika: FAHALI MKALI. Leirhólar hapakuwa na fahali. Hapakuwa hata na ng'ombe tangu baba yao alipofariki. Wageni walikuja na viti vya kukunja na vyakula kwenye makopo, wakakaa ukutani kumsubiri fahali, na waliposubiri bila mafanikio walitembea huku na huku kumtafuta, mpaka kwenye gamba. Mmoja aliandika mtandaoni: *Tulikaa saa tatu kwenye upepo. Fahali hakutokea. Nyota moja.*

Simu ikalia. Alikuwa Eydís.

"Steinvör, kuna malalamiko."

"Najua. Nani ameungua tena?"

"Hakuna aliyeungua. Ni kuhusu fahali. Hivi, hamwezi kumpata mmoja? Hata wa kuazima, mwishoni mwa wiki tu?"

Aliitwa kwenye kikao cha baraza aeleze habari ya fahali. Ndiko alikopata ufumbuzi, ingawa hakuna aliyekusudia kumpa. Kabla ya jambo lake, alisimama bwana wa idara ya maji kusoma taarifa ya nusu mwaka ya majitaka. Hajamaliza ukurasa wa kwanza, Steinvör akaona ajabu. Mjumbe mmoja alikuwa akichora samaki kwenye bahasha. Wawili walitazama simu chini ya meza. Mchungaji alikuwa amefumba macho, wala si kwa sala. Hata Eydís mwenyewe alikuwa akihesabu taa za darini, midomo ikimchezacheza. Bwana wa maji angeweza kutangaza kwamba jengo linaungua na wote wakateketea wakiwa wamekaa kwa heshima.

Steinvör aliondoka bila kusubiri zamu yake. Usiku hauingii nchi ile mwezi wa Julai, basi alipaka rangi mpaka akamaliza, na asubuhi kibao kikasimama pale pale kilipokuwa cha fahali:

LEIRHÓLAR. MFUMO WA MAJITAKA. ZIARA YA MAFUNZO KILA JUMATANO SAA NNE ASUBUHI. MUDA: SAA MBILI NA NUSU. MABUTI YA MPIRA NI LAZIMA. MASWALI MWISHONI.

Alijimiminia kahawa akakaa dirishani. Gari la kwanza likapunguza mwendo. Dirisha likashuka, kichwa kikatoka, kikasoma. Dirisha likapanda, gari likatimua vumbi kama lililofukuzwa. La pili vivyo hivyo. Basi zima la watalii lilisimama, likakaa kimya kama nusu dakika, likaondoka. Steinvör alicheka mpaka akashika mbavu.

Wiki tatu hakukanyaga mtu. Kondoo walirudi kulala ukutani. Malalamiko pekee yaliletwa na Eydís, kwamba mkahawa wa kijijini uliokuwa ukiuza keki ya chokoleti iitwayo ya tope umebakiwa na keki, na kwamba Leirhólar imeiharibia wilaya nzima sura.

"Sura gani?" Steinvör akamuuliza kwenye simu. "Mimi nimeandika majitaka, sikutukana mtu."

Jumatano ya nne, saa nne kasoro dakika kumi, gari dogo jeupe likaingia uani. Liligeuzwa taratibu hadi pua ikaelekea upepo, na milango ikafunguliwa kwa mikono miwili miwili, kwa utulivu. Steinvör aliona mara moja kwamba hawa si watu wa kuyumbishwa. Walishuka mzee mrefu na mkewe mfupi, nywele zote mvi, na kila mmoja alitoa nyuma ya gari jozi ya mabuti ya mpira, yake mwenyewe, yaliyochakaa kwa kazi.

"Mimi Gerrit, huyu Aleida," mzee alisema. "Tumetoka Uholanzi. Tumefanya kazi ya majitaka miaka arobaini na mmoja, sote wawili. Tulikutana huko huko."

"Kwenye tangi la pili," Aleida akaongeza, akimwangalia mumewe.

"Tuliona kibao chenu juzi tukapanga safari yote upya. Leo tulikuwa twende kuangalia nyangumi. Tumewaacha."

Kuwadanganya wageni wa kandambili hakukumsumbua Steinvör, lakini watu walioacha nyangumi kwa ajili yake lilikuwa jambo jingine. "Jamani, poleni sana," alisema. "Bahati mbaya mwalimu anaumwa."

"Siumwi," ikasema sauti nyuma yake.

Alikuwa Hallmar. Amesimama mlangoni, nywele amezilaza kwa maji, shati amelichomekea.

"Hallmar, wewe ingia ndani," Steinvör akamnong'oneza.

"Dada, kumi na tisa themanini na saba ni nani aliyechimba lile shimo la choo? Wewe?" Akavaa mabuti, akawaambia wageni, "Tuanzie juu, tufuate mteremko."

Hayo yalikuwa maneno kumi na zaidi kwa mkupuo mmoja, na ulikuwa mwanzo tu. Hallmar aliongea. Aliwaeleza alivyobishana na baba yake mahali pa kuchimba, na jinsi mwamba ulivyovunja sururu tatu. Aliwaonyesha alivyolaza bomba la choo sambamba na bomba la maji ya moto ya ardhini, majitaka yasigande wakati wa baridi, wazo ambalo alilipata akiwa amelala na homa na hakuwahi kumwambia mtu. Alichora kwa kijiti kwenye majivu ya volkano. Alitania, na Gerrit akacheka, tena cheko la mtu aliyeelewa utani wa kazi yake. Aleida alijaza daftari kurasa saba. Steinvör aliwafuata nyuma, mikono mfukoni, akimtazama mdogo wake kama mtu aliyeishi nyumbani miaka yote akagundua kuna chumba hajawahi kukifungua. Miaka yote alimwita mdomo mzito. Hakukumbuka hata siku moja kumuuliza habari ya shimo.

Saa sita na nusu, Hallmar akasema, "Sasa maswali."

"Ninalo moja," Aleida alisema. Alikuwa amepiga magoti, kafunua mfuniko, kichwa karibu kimeingia ndani. "Nyumba hii mnaishi wangapi?"

"Wawili."

"Wawili tu? Basi nani mwingine anajisaidia humu?"

Hallmar alisogea akachungulia, na uso ukambadilika. Shimo la watu wawili lilikuwa limejaa kama la kambi ya jeshi. Gerrit alikuwa ameshaanza kupanda mteremko, akichimba nyasi kwa ncha ya buti, na baada ya hatua kama sitini akaita. Palikuwa na bomba jingine, jipya, la plastiki, la rangi ya kijivu, limeunganishwa juu ya bomba la Hallmar bila hata adabu. Wakalifuata hadi barabara kuu, hadi kwenye Choo cha Mandhari.

Choo kile kilikuwa fahari ya halmashauri. Kilikuwa na ukuta mmoja wa kioo ili mgeni awe akitazama milima wakati wa haja, na Eydís mwenyewe alikata utepe siku ya kukifungua, mwaka mmoja na miezi miwili nyuma. Kilikwisha pata tuzo ya usanifu. Kumbe usanifu ulikuwa umeishia sakafuni.

Wakashuka tena kuangalia kinakokwenda kinachozidi. Kilikuwa kinajipenyeza chini kwa chini, nyuma ya zizi, mpaka kwenye tope. Gerrit aligonga ardhi kwa fimbo, akasikiliza, akagonga tena mbele kidogo.

"Maji yanalainisha gamba," alisema. "Mnaona ukingo huu? Mwaka jana haukuwa hapa, sivyo?"

"Haukuwa hapa," Hallmar akakubali. "Ulikuwa kule kwenye jiwe."

"Ukiachiwa, mwakani utakuwa chini ya kondoo wenu."

Steinvör alifikiri juu ya wale wote waliosimama kwa mguu mmoja na mikono juu wakitabasamu, wakipigwa picha mbele ya kitu walichokuja nacho wenyewe. Hakucheka. Alikwenda ndani akampigia Eydís simu. "Njoo sasa hivi," alisema, "na uje na mabuti."

Eydís alikuja na gari la halmashauri, ana haraka, ana hasira, na aliegesha kisogo kwa upepo. Jikoni wakasikia yowe, lile linalokatika katikati. Walipotoka walimkuta ameshika kishikio kitupu, mlango wa gari umekunjwa hadi kwenye boneti.

"Si ulikulia hapa hapa wewe?" Steinvör akamwambia.

"Usinianze, Steinvör."

Alipoonyeshwa bomba aliinama akalitazama. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Ilikuwa ya muda tu."

"Miezi kumi na minne," Aleida akasema, akiangalia daftari.

"Mkandarasi alisema kuna laini ya zamani, haina kazi."

"Ina kazi," Hallmar alisema. Alikuwa amekasirika, na hakuna aliyewahi kumwona hivyo. "Ni yangu."

Gerrit akauliza, kwa upole wa mtu anayejua jibu, kanuni za wilaya zinasema nini kuhusu majitaka yaliyo wazi. Eydís alizijua kwa moyo, maana alizipitisha yeye. Eneo lizungushiwe uzio wa mita mbili, kabla ya wiki mbili kwisha, bila kujadiliwa na kamati yoyote.

"Ngoja nielewe," Steinvör alisema. "Mtu akiungua mguu, ni kamati na mchoro. Choo kikifurika, ni uzio?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Na fungu?"

"La majitaka lipo," Eydís akasema, akiangalia chini. "Hakuna anayelipinga. Huwa hakuna anayesikiliza."

Wakaingia ndani. Steinvör alikata mkate mweusi uliookwa ardhini usiku kucha, akaupaka siagi nene, akaweka na nyama ya kondoo ya moshi. Eydís alianza kuomba radhi, macho yamemlowa.

"Kula kwanza," Steinvör akamwambia. "Ukiwa na njaa unaomba radhi vibaya, tangu utotoni."

Akala vipande vitatu. Kisha akaeleza vizuri: alijua bomba limeunganishwa, hakujua shimo limejaa, na hakuuliza kwa sababu tuzo ilikuwa inakuja na hakutaka kusikia jibu. Steinvör alimsikiliza hadi mwisho. Alimsamehe, lakini si siku ile. Siku ile alimwoshesha vyombo tu.

Uzio ulisimama baada ya siku tisa, wavu wa kijani, imara. Choo cha Mandhari kikafungwa hadi kipate shimo lake chenyewe. Gazeti la wilaya liliandika kwamba halmashauri imechukua hatua za kijasiri kuwalinda wageni, na picha ikamwonyesha Eydís akiwa amevaa mabuti. Mwaka ule hakuungua mtu mwingine.

Mwezi wa Novemba, Hallmar aliyekuwa hajawahi kutoka nje ya nchi alipanda ndege kwenda Uholanzi kwa wiki mbili, kwa mwaliko wa Gerrit na Aleida. Alipiga simu siku ya nne, Steinvör akiwa anamenya viazi. Aliongea dakika arobaini bila kupumzika, juu ya matangi, pampu, na baiskeli zinazotokea kila upande bila kengele, hadi dada yake akaiweka simu mezani akaendelea na viazi, akiitikia.

"Alhamisi wameniomba nizungumze," Hallmar alisema. "Habari ya bomba la moto na bomba la choo. Mbele ya wenzao wa kazi."

"Wangapi?"

"Mia moja na sitini."

Steinvör aliacha kumenya. "Utavaa nini?"

"Shati la bluu."

"Kola yake chafu ile. Lifue leo, lipate kukauka."